BMW X5 ya tabo: kagua hivi, hudumia hivi, tenga hela hivi

Wakuu, bei ya X5 za 2010 mpaka 2013 imeshuka sana, mtu aliyekuwa anawaza Toyota Harrier sasa anaitazama na anaona kabisa inawezekana, na kuinunua kweli inawezekana. Kilichoshuka lakini ni bei ya gari tu. Wota pampu yake, shokapu zake, tairi zake, muda wa fundi anayeielewa, hivyo vyote bado vinauzwa kwa bei ya gari ya kitajiri, kwahiyo kabla ya kuuliza kama hela ya kuinunua ipo jiulize kama hela ya kuihudumia mwaka wa kwanza ipo.

Naongelea bodi ya E70, ile iliyokuwa inatengenezwa Spartanburg, South Carolina, kule Marekani kuanzia 2006. Mwaka 2010 BMW waliifanyia maboresho, wakaweka injini mpya za petroli zenye tabo (kifaa kinachosukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini) na giaboksi ya gia 8, ikaendelea hivyo mpaka 2013 ilipokuja bodi mpya ya F15. Mimi hizi gari nazipenda sana, imetulia barabarani, ina nguvu, ukitoka Dar mpaka Dodoma unashuka hujachoka. Ndio maana inaniuma kuona zinavyorundikana kwenye gereji zimejaa vumbi, na ukiuliza historia unakuta kilichoiua kilianza na gasketi inayovuja kidogo ambayo mwenye gari aliambiwa akasema ngoja mwezi ujao. Injini hizi adui zake wawili ni joto na oili inayotoka mahali isipotakiwa, na wote wawili wanapiga hodi mapema.

HATUA YA 1: Jua injini iliyopo kabla hujapenda rangi

Usiangalie maandishi ya nyuma, yale yanabandikwa na kubanduliwa. Chukua namba ya chesisi, zile herufi na namba 7 za mwisho zinatosha, ingiza kwenye mtandao wowote wa kusoma namba za BMW utaambiwa injini gani ilitoka nayo kiwandani, tarehe ya kutengenezwa, na vitu vyote ilivyofungwa, mpaka aina ya viti.

Za petroli zenye tabo, ukiacha X5 M ya mbio, ni mbili. xDrive35i ina N55, silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja, cc 2979, tabo moja, nguvu farasi 306. xDrive50i ina N63, V8 ya lita 4.4, tabo mbili, farasi 407. Dizeli iliyoenea ni xDrive30d yenye N57. Zile za kawaida za petroli za kabla ya maboresho ya 2010 hazina tabo, ni habari nyingine.

Msimamo wangu nausema mapema: kama ni petroli chukua 35i. 50i hata ukipewa kwa bei ya 35i usikubali kirahisi, sababu nitaieleza huko chini na ni ndefu.

HATUA YA 2: Ukaguzi, na uende asubuhi

Mwambie muuzaji gari asiiwashe mpaka ufike. Ukifika shika boneti, kama ni ya moto ujue imeshapashwa na kuna kelele au moshi wa asubuhi hataki uusikie. Rudi siku nyingine.

Ikiwa ya baridi, washa mwenyewe huku mwenzako yupo mbele anasikiliza. Kelele za sekunde moja mbili sio tatizo, lakini mlio wa mnyororo unaokwaruza na kuendelea ni tatizo. Iache sailensa, yani inaunguruma imesimama bila kukanyaga mafuta, dakika 10 au 15 bila kugusa kitu, alafu kanyaga mafuta ghafla huku mtu anaangalia ekzosti. Wingu la bluu likitoka baada ya kukaa sailensa muda mrefu, sili za valvu zimeisha na injini inakula oili, hasa kwa V8. Moshi mweupe mzito wenye harufu tamu ni kulanti (maji ya kupoza injini) inaingia kwenye silinda, hapo funga mlango uondoke.

Oili yake haina kijiti cha kupimia. Unaenda kwenye skrini ya iDrive, sehemu ya hali ya gari, unachagua kiwango cha oili ya injini, na injini iwe imepata moto na gari ipo sehemu iliyonyooka. Ukikuta ipo chini na muuzaji anasema aliiweka juzi, hapo umepata jibu bila kuuliza zaidi.

Alafu toa kava la plastiki juu ya injini, chukua tochi. Angalia mbele ya injini pale filta ya oili inapokaa, angalia pembeni ya kava la valvu, hasa upande wa ekzosti, na ingia chini uangalie sampu, lile beseni la oili. Injini iliyooshwa inang'aa kupita umri wake mimi inanitia wasiwasi kuliko ile yenye vumbi la kawaida, manake vumbi linaonyesha palipovuja, injini iliyooshwa haionyeshi kitu.

Lazima gari ipimwe na mashine inayosoma BMW yenyewe, sio ile kifaa kidogo cha Bluetooth kinachosoma injini peke yake. Unataka kusoma boksi zote: injini, giaboksi, transfa (inayogawa nguvu tairi za mbele na nyuma), breki, suspenshen, ufunguo. Kilomita zimehifadhiwa zaidi ya sehemu moja kwenye hii gari, kwenye dashibodi na kwenye boksi la ufunguo, zikitofautiana ujue zimerudishwa nyuma. Na kama koodi zote za makosa zimefutwa safi kabisa kwenye gari ya zaidi ya miaka kumi, endesha walau kilomita 30 alafu pima tena.

Mwisho, endesha uwanja wa wazi ukiwa umekata usukani mpaka mwisho, polepole, kulia na kushoto. Ikitetemeka au kushtukashtuka kama tairi zinagombana, transfa ina shida au tairi hazilingani.

HATUA YA 3: Magonjwa ya N55, hii 35i

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndio injini wengi mtaishia kuwa nayo, na ni injini nzuri, inadumu, ila ina orodha yake inayojulikana na ukishaijua haikushtui.

La kwanza na la hatari kuliko yote ni gasketi ya nyumba ya filta ya oili. Ni kimpira kidogo tu, ila kipo juu mbele ya injini na chini yake inapita fanibelti. Kikikakamaa kwa joto oili inadondoka juu ya belti, belti inalegea, inachanika, inatoka kwenye puli, na vipande vyake vinajizungusha kwenye puli ya krankshafti, vinavutwa kupitia sili ya mbele ya kranki mpaka ndani ya injini. Nyuzi za belti zikifika kwenye sampu zinaziba kichujio cha pampu ya oili, na injini isiyopata oili unajua mwisho wake. Yani kimpira cha bei ya chakula cha mchana kinamaliza injini nzima. Kwahiyo ukiona unyevu wa oili pale mbele, gasketi ibadilishwe wiki hiyo hiyo, na belti ibadilishwe pamoja nayo hata kama inaonekana nzima, kwasababu mpira uliokunywa oili hauaminiki tena.

La pili ni wota pampu. Hii haizungushwi na belti, ni ya umeme, ina mota yake na kompyuta inaamua izunguke kwa kasi gani. Ubaya wake haivuji taratibu kama pampu za Toyota ukapata muda wa kujipanga, inakata tu. Upo kwenye foleni Ubungo unaona taa ya joto, feni inaanza kuvuma kwa nguvu zote, gari inapunguza nguvu yenyewe. Nyingi zinakufa kuanzia kilomita laki moja kwenda juu. Taa ikiwa nyekundu simama hapo hapo, zima, ita breakdown. Usiseme nifike tu pale mbele, silinda hedi ni alumini na ikipinda gharama inakuwa ya kitu kingine kabisa. Kama gari uliyonunua imepita laki moja na hakuna risiti ya pampu, badilisha kabla haijakata, pamoja na thamostati yake (mlango unaopima joto la kulanti) kwa sababu zipo jirani na kazi ni ile ile. Pierburg ndio wanaotengeneza pampu ya kiwandani, tafuta hiyo. Bolti zake ni za alumini na zinatumika mara moja tu, fundi akirudishia za zamani zinakatika.

Na tafadhali sana, fundi akikwambia "hii thamostati tunaitoa, huku kwetu joto hatuihitaji", mkatalie kwa heshima. Thamostati ya hii gari inaongozwa na kompyuta, ukiitoa injini haifiki kwenye joto lake la kazi, inakula mafuta na taa ya injini inawaka. Maji ya bomba nayo hapana, weka kulanti ya bluu ya BMW au inayolingana nayo kwa maji yaliyosafishwa, chumvi ya maji yetu inakula alumini na inaganda kwenye rejeta.

Kutoa hewa kwenye mfumo wa maji kuna utaratibu wake na mafundi wengi hawaujui, wanawasha injini kifuniko kikiwa wazi kama gari nyingine, hewa inabaki ndani, pampu mpya inakufa ndani ya miezi. Fanya hivi: unganisha chaja kwenye betri, jaza kulanti, weka swichi on bila kuwasha injini, weka hita kwenye joto la mwisho na feni kwenye namba ya chini kabisa, kanyaga pedeli ya mafuta mpaka chini ushikilie sekunde 10 kisha uachie. Utasikia pampu inaanza kuzunguka yenyewe, iache imalize, ni kama dakika 12. Ikizima angalia kiwango, ongeza, na kama kimeshuka sana rudia.

La tatu, kava la valvu. Ni la plastiki na ndani yake ndio kuna mfumo wa kupumua wa injini. Gasketi ikiisha oili inadondokea ekzosti na unasikia harufu ya kuungua ndani ya gari ukisimama kwenye taa, ingine inaingia kwenye mashimo ya plagi na gari inaanza kumisi. Kama plastiki yenyewe imepasuka au imepinda kubadilisha gasketi peke yake ni kurudi gereji mara mbili, nunua kava zima.

Kuna gasketi ya sampu pia, hii inavuja taratibu na haina haraka, lakini kuibadilisha inabidi kushusha kiunzi cha mbele, kwahiyo unailipia zaidi kazi kuliko spea. Kama kuna kazi nyingine ya miguu ya mbele, yani suspenshen, iunganishe nayo.

Bomba la hewa linalotoka kwenye tabo kwenda injini ni la plastiki, linapasuka kwa umri. Dalili yake ni ghafla gari inakosa nguvu, unasikia pumzi kubwa ya hewa, taa ya injini. Watu hapa wanauziwa tabo mpya bure kabisa wakati ni bomba. Kabla hujakubali tabo imekufa dai wapulize moshi kwenye njia ya hewa waone inapotoka.

Tabo yenyewe ni ngumu. Kinachosumbua ni kile kimlango cha kupunguza presha, kikilegea kinatoa mlio wa kugongagonga ukiwa sailensa au ukiachia mafuta. Mlio peke yake sio msiba, ikianza kupoteza nguvu na kutoa koodi ya presha ndogo ndio unashughulika nayo.

Plagi badilisha kila kilomita 60,000 hivi, koili zikianza kufa moja moja badilisha seti. Na kwasababu petroli inachomwa moja kwa moja ndani ya silinda, haipiti juu ya valvu za kuingiza hewa kuziosha, masizi yanajenga pale miaka ikienda. Gari ikitetemeka asubuhi na plagi na koili ni mpya, fikiria kusafishwa valvu kwa kupuliziwa chenga za maganda ya jozi, kuna gereji chache zina hiyo mashine lakini zipo. Dawa za kumwaga kwenye tenki hazifiki huko.

Moja la mwisho kwa N55: mwaka 2014 BMW waliita kurudisha gari za silinda 6 za 2010 mpaka 2012 kwa sababu bolti za VANOS, mfumo unaorekebisha muda wa valvu kufunguka, zilikuwa zinalegea au kukatika. Uliza kwa wakala wa BMW kwa namba ya chesisi kama yako ilikuwemo na kama ilifanyiwa.

HATUA YA 4: N63, na kwanini naiogopa

Hii V8 tabo zake mbili zimekaa juu, katikati ya V, pale ambapo injini nyingine hazina kitu cha moto. Faida ni tabo inaitikia haraka. Hasara ni joto lote la ekzosti linabaki katikati ya injini chini ya boneti, na linaoka kila kitu kilicho karibu: mipira, paipu za kulanti, soketi za waya, sili za valvu. Sasa chukua joto hilo uliweke kwenye foleni ya Dar mwezi wa pili.

BMW wenyewe Desemba 2014 kule Marekani walianzisha programu maalum kwa wenye gari za N63 za mwanzo, wakawa wanakagua na kubadilisha vitu kama mnyororo wa taimingi, injekta, sensa za hewa, paipu za kupumua na mpaka betri, na wakafupisha muda wa kubadilisha oili. Kampuni haifanyi hivyo kwa injini isiyo na shida. E70 50i zote zina hii N63 ya mwanzo, ile iliyoboreshwa ilikuja kwenye X5 baada ya bodi kubadilika.

Kikubwa ni kula oili. Sili za valvu zinakakamaa, unaongeza lita kila baada ya muda mfupi, moshi wa bluu ukiondoka kwenye taa za barabarani. Kubadilisha sili kunahitaji vifaa maalum na fundi mwenye utulivu, ni kazi ya siku kadhaa. Kama tayari unayo, badilisha oili kila kilomita 5,000 mpaka 7,000, angalia kiwango kila wiki, beba lita moja kwenye buti, na siku injini ikishushwa kwa sababu yoyote badilisha kila mpira na kila paipu iliyopo pale katikati hata kama haijavuja. Kama huna, usitafute.

Dizeli ya 30d nitaigusa kwa kifupi. Ni injini nzuri sana kwa masafa, inakula kidogo. Mnyororo wake wa taimingi upo nyuma upande wa giaboksi, ukianza kulia ni kazi kubwa. Kichujio cha masizi kwenye ekzosti kinaziba kwa mtu anayezunguka mjini kilomita 5 tu kila siku, inabidi uipeleke barabara ndefu mara kwa mara. Na kipoza moshi cha EGR, mfumo unaorudisha sehemu ya moshi wa ekzosti kwenye injini, kiliitwa kurudishwa Ulaya 2018 kwa kuwa kikivuja kinaweza kusababisha moto, kwahiyo kikague.

HATUA YA 5: Giaboksi, transfa na tairi

Giaboksi ya gia 8 imetengenezwa na kampuni ya ZF na ni moja ya giaboksi bora kuwahi kufungwa kwenye gari. Kosa ni ile kauli ya "oili ya maisha". ZF wenyewe wanasema ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, au miaka 8. Sampu yake ni ya plastiki na filta imo humo humo, unanunua kitu kimoja. Oili iwe ya ZF au iliyothibitishwa nao, usikubali ATF, oili ya giaboksi ya kawaida, ya kwenye pipa. Kiwango kinawekwa injini ikiwa inaunguruma na mashine inasoma joto la oili ya giaboksi, fundi asiye na mashine asiiguse.

Transfa ndiyo inagawa nguvu mbele na nyuma. Ina mota ndogo yenye gia ya plastiki ambayo meno yake yanalika, unaona taa ya 4x4 na ya DSC (mfumo wa kuzuia gari kuteleza) zinawaka pamoja. Kabla hujanunua transfa nzima uliza kuhusu hiyo gia peke yake, inauzwa. Oili ya transfa badilisha kila 50,000 hivi, ni chini ya lita moja lakini inaokoa kitu kikubwa.

Kinachoua transfa mapema ni tairi. Mfumo unataka tairi zote zizunguke sawa, ukifunga mbili mpya mbele na mbili zilizolika nyuma, au chapa tofauti, transfa inafanya kazi muda wote hata kwenye lami kavu. Nunua nne kwa pamoja, chapa moja. Ukiwa unachagua gari nakushauri yenye rimu ya 19, tairi 255/50 zinafanana zote nne na unaweza kuzizungusha mbele nyuma. Yenye rimu ya 20 iliyo pana nyuma inatumia 275/40 mbele na 315/35 nyuma, inapendeza kweli lakini huwezi kuzungusha, za nyuma zinaisha haraka, na kwa mashimo yetu ukuta mwembamba wa tairi unapasuka.

Miguu ya mbele itakula bushi, usukani ukitetemeka ukifunga breki kwenye spidi ya 80 anza na bushi za kontrolo ammu kabla ya kulaumu diski. Gari zenye viti vya safu ya tatu mara nyingi zina mifuko ya hewa ya suspenshen nyuma badala ya springi. Ukikuta asubuhi imelala makalio mfuko unavuja, na ukiuacha kompresa inafanya kazi bila kupumzika mpaka inaungua, kwahiyo shida moja inakuwa mbili.

HATUA YA 6: Umeme na maji ya mvua

Betri ikibadilishwa lazima isajiliwe kwenye kompyuta ya gari, kwasababu gari inaichaji kulingana na umri inaodhani betri inao. Usiposajili inaichaji mpya kama ya zamani na inakufa mapema. Weka betri ya aina ya AGM yenye ukubwa ule ule. Betri dhaifu kwenye hii gari inaleta taa za uongo nyingi, kwahiyo ukiona dashibodi imejaa maonyo yasiyohusiana pima betri kwanza kabla ya kununua sensa hata moja.

Zile zenye paa la kioo zina vibomba vinne vya kutoa maji kwenye kona. Ukiegesha chini ya mwarobaini au mwembe vinaziba, maji yanatafuta njia ndani ya gari na yanaishia chini ya buti, na huko BMW wameweka maboksi ya umeme. Kabla ya masika mwaga maji kidogo kwenye kona za paa uone yanatoka chini. Inua zulia la buti ukiwa unakagua gari ya kununua, unyevu au kutu pale ni sababu ya kuiacha.

HATUA YA 7: Kazi za mwezi wa kwanza, kwa mpangilio

Ukishainunua usiende moja kwa moja safari. Anza na oili ya injini na filta, N55 inachukua lita 6.5, tumia 5W-30 yenye kibali cha BMW LL-01, isome kwenye kopo usisikilize mdomo. Baada ya hapo gasketi ya nyumba ya filta na belti. Kisha pampu, thamostati na kulanti. Hivyo vitatu ndivyo vinavyolinda injini, vingine vyote vinaweza kusubiri mshahara ujao: plagi, oili ya giaboksi, oili ya transfa na difu, filta ya hewa. Ukishamaliza badilisha oili ya injini kila 7,000 au 8,000, achana na ile kilomita 25,000 inayoonyeshwa na gari, ile haikupangwa kwa foleni zetu na vumbi letu.

HATUA YA 8: Piga hesabu ya mwaka mzima

Chukua karatasi. Mafuta: 35i mjini kadiria lita 15 kwa kilomita 100. Ukitembea kilomita 15,000 kwa mwaka ni lita 2,250, zidisha kwa bei ya pampu ya leo. Gari ya lita 11 kwa kilomita 100 ingetumia 1,650, kwahiyo tofauti ni lita 600 kila mwaka kabla hujagusa spana. Oili ya injini mara mbili ni lita 13. Bima kubwa Bongo kiwango kilichozoeleka kwa gari binafsi ni asilimia 3.5 ya thamani, na VAT juu yake. Tairi nne, gawanya kwa miaka miwili au mitatu. Breki diski na pedi na sensa zake, gawanya hivyo hivyo.

Kama unaagiza nje, ingia kwenye kikokotoo cha TRA kabla ya kulipa chochote Japani au Uingereza, manake gari ya umri huu inapigwa ushuru wa uchakavu juu ya ushuru mwingine, na injini yake ipo juu ya cc 2000. Bei ya kwenye mtandao wa muuzaji inaweza kuonekana ndogo alafu bandarini ukakutana na kitu kingine. Ndugu zetu wa Kenya hawana nafasi hiyo ya kuagiza, sheria ya kutoingiza gari iliyozidi miaka 8 imeshaifungia E70 mlango, zilizopo ni za kununua mkononi na hapo ukaguzi wa hatua ya 2 unakuwa muhimu mara mbili.

Juu ya hayo yote mimi nashauri robo ya bei ya kununulia ikae pembeni kwa mwaka wa kwanza, hela ambayo huigusi kwa kitu kingine. Kama ukitoa hiyo robo huwezi kununua 35i nzima, nunua gari ndogo zaidi, X1 au hata X3 isiyo na tabo.

HATUA YA 9: Spea na fundi

Usinunue spea kwa kuangalia gari, nunua kwa namba. Namba ya chesisi inakupa namba ya spea kwenye katalogi, na kwa namba hiyo unaulizia maduka matatu, la Kariakoo, la anayeagiza Dubai, na la wakala, bei zitatofautiana sana. Hazihitaji kuwa na nembo ya BMW kwenye boksi. Elring na Victor Reinz kwa gasketi, Mahle au Mann kwa filta, Bosch kwa plagi na koili, Lemförder kwa miguu. Used ni sawa kwa mlango, taa, kioo, rimu. Used kwa wota pampu, gasketi, bushi, mfuko wa hewa, hapana, unalipia ufundi mara mbili.

Fundi mpime kwa maswali. Muulize hewa ya kulanti inatolewaje kwenye N55. Muulize betri ikibadilishwa nini kinafuata. Akijibu bila kubabaika na ana mashine yake na spana ya kupima nguvu ya kukaza bolti, mlipe vizuri na usimhame. Akisema BMW zote ni sawa na Crown, mshukuru na uondoke na funguo zako.

Kila kazi ikifanyika piga picha spea ya zamani na mpya, andika kilomita na tarehe, tunza risiti kwenye faili moja. Siku ukiiuza mnunuzi anayeelewa atalipia lile faili, na kabla ya hapo litakusaidia wewe mwenyewe pale taa ikiwaka saa mbili usiku Chalinze na unataka kujua pampu ina umri gani.